Bei ya Kanga za Kuagiza: Mazungumzo kwa Wafanyakazi na Wananchi

Mwenye duka la intaneti anayeuza kanga zilizochapwa maneno ya mteja hana budi kutenga gharama mbili, na hapa ndipo wengi hupata hasara. Matayarisho ya mchoro na fremu za kuchapia hayabadiliki: yakiwa shilingi 600,000, doti 20 zitabeba 30,000 kila moja, ilhali doti 200 zitabeba 3,000 tu. Kitambaa, rangi na kazi huongezeka kwa kila doti. Mteja aliyeko Chanzuru, Kilosa, huongezewa nauli ya mzigo, kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa basi. Ni haki yake kuonyeshwa jumla yote na kuyahakiki maneno kabla hajalipa, kwani kanga iliyochapwa kwa ajili ya harusi yake haina mnunuzi mwingine.