Mwanafunzi na Ofisi ya Mbunge: Msaada Upi Uombwe, Wapi na Lini

(Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wanafunzi wa kidato cha sita, wanavyuo na wazazi, katika ukumbi wa Halmashauri)



Nimepewa jukumu la kueleza ni msaada gani wa kielimu mwanafunzi anaweza kuupata kupitia Ofisi ya Mbunge, na ni upi aufuate kwingine. Swali hili lina uzito. Kila mwaka wapo vijana wa wilaya hii wanaobaki nyumbani wakati wenzao wanaripoti vyuoni, na wengi wao hawakukwama kwa sababu ya kukosa uwezo darasani. Wamekwama kwa karatasi iliyochelewa, au kwa kusubiri mlango usiohusika. Hilo ndilo ninalotaka muondoke nalo leo.

Nianze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazoulizwa zaidi. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao wengi wetu tunauita Mfuko wa Jimbo, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Sheria inataka mradi unaogharamiwa na mfuko huo uwe wa jamii, wenye manufaa kwa watu wengi wa eneo husika. Kwa hiyo mzazi anayeomba ada ya mwanawe kutoka katika mfuko huu akaambiwa haiwezekani, asidhani amechukiwa. Fedha hizo hazikuwekwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Mbunge akimsaidia mtu kwa fedha yake mwenyewe, huo ni uungwana wake, na hatuwezi kuupangia ratiba.

Lakini shule inayohitaji madawati, vifaa vya maabara, vitabu vya maktaba, au mabati ya kuezeka darasa ambalo wananchi wamelijenga kwa nguvu zao, ombi lake lina mahali pa kupokelewa. Lianzie kwenye kamati ya shule ikiwa ni ya msingi, au bodi ya shule ikiwa ni sekondari, lipite serikali ya kijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata, na lifike likiwa na muhtasari wa kikao kilichoamua. Ombi la mdomo, hata likitolewa mbele ya mkutano wa hadhara na kupigiwa makofi, haliwezi kujadiliwa na kamati.

Sasa ada na gharama za chuo. Elimu bila ada katika shule za Serikali ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, na ikafikishwa kidato cha tano na cha sita katika mwaka wa masomo 2022/2023. Baada ya hapo, mlango mkuu ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Wapo wanaodhani mikopo ni ya shahada tu. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi imekuwa ikikopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo za afya, ualimu na kilimo. Kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, upo pia ufadhili wa Samia Scholarship, ulioanza mwaka 2022/2023.

Maombi ya mkopo hufanywa kwa mtandao, na dirisha hufunguliwa kwa muda maalumu, kwa kawaida katikati ya mwaka. Mbunge hawezi kulifungua likishafungwa. Kinachowezekana ni kujiandaa kabla. Cheti chako cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA. Jina lililo kwenye cheti hicho lifanane na lililo kwenye cheti cha kidato cha nne. Fomu isainiwe na kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na pia na kamishna wa viapo. Ikiwa kaya yenu ni mnufaika wa TASAF, usione haya kulitaja hilo. Ni ushahidi wa hali halisi ya nyumbani.

Naomba nizungumze kwa upole na wazazi na walezi kuhusu jambo moja. Yatima anayeomba mkopo huthibitisha uyatima wake kwa cheti cha kifo cha mzazi, nacho huhakikiwa vilevile. Vijijini tunazika, tunaomboleza, tunamaliza arobaini, lakini kifo hakisajiliwi. Miaka kumi baadaye mtoto anaulizwa cheti, na kaburi analijua lakini karatasi hana. Yeyote mwenye mtoto wa namna hiyo nyumbani aanze leo na mtendaji wa kijiji, kisha aende kwa Msajili katika Ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Hapo Katibu wa Mbunge anaweza kukuelekeza na kukufuatilia, lakini hawezi kukupa cheti.

Nije kwenye mafunzo kazini, na kwanza tutofautishe majina. Mafunzo kwa vitendo ni ya mwanafunzi aliye bado chuoni. Mafunzo ya uzoefu kazini ni ya mhitimu anayetafuta ajira, na huratibiwa na TaESA, ambako mhitimu hujisajili mwenyewe. Uanagenzi ni wa anayejifunza ufundi akiwa kazini. Ukiomba kimoja kwa jina la kingine, barua yako itazunguka bure.

Kwa mafunzo kwa vitendo hapa kwetu, barua ya utambulisho ya chuo iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji na ipokelewe masjala. Itaje fani, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Nafasi hutegemea idadi ya watumishi wanaoweza kusimamia mwanafunzi katika kila idara na kitengo. Anayeleta barua wiki ile ile anayotakiwa kuanza hukuta idara anayoitaka imejaa. Na pale ambapo mafunzo hayo ni sehemu ya mtaala, chuo hakimhitimishi mtu asiyeyakamilisha. Kwa mwenye mkopo, posho ya mafunzo kwa vitendo ni miongoni mwa vipengele vya mkopo huo, hivyo akague amepangiwa nini kabla hajaja kutafuta chumba.

Ofisi ya Mbunge ina nafasi yake hapa. Inaweza kumtambulisha mwanafunzi kwa taasisi zilizo nje ya wilaya. Mbunge ni mjumbe wa Baraza letu la Madiwani, na bungeni anaweza kumwuliza Waziri kuhusu kero inayowagusa wanafunzi wengi. Shule inayotaka wanafunzi wake wa Uraia waone Bunge likifanya kazi Dodoma inaweza pia kuomba ziara kupitia ofisi hiyo. Lakini barua ya Mbunge haichukui nafasi ya sifa, na asiye nayo hapungukiwi kitu mbele ya meza yetu.

Zipo pia nyenzo zisizohitaji barua ya mtu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, na tovuti ya Bunge ina sheria, miswada na Taarifa Rasmi za mijadala. Mwanafunzi asiye na simu aombe mwalimu wa TEHAMA amsaidie.

Mwisho, na hili nalisema kwa uzito. Nafasi ya mafunzo katika Halmashauri hii hailipiwi. Mtumishi au mtu yeyote anayedai fedha, au anayemtaka binti au kijana kimwili ili ampe nafasi au amsainie daftari lake la mafunzo, anatenda kosa la jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinahusu rushwa ya ngono. TAKUKURU hupigiwa simu bila malipo kwa namba 113. Mzazi, mtoto akikuletea habari hiyo, usimwulize alivaa nini, msindikize.

Wadogo zangu, kabla ya jua la leo kuzama, toeni vyeti vyenu sandukuni mlinganishe majina. Penye tofauti ya hata herufi moja, anzeni kuishughulikia sasa, wakati dirisha bado halijafunguliwa.