Sifuri na Ukimya: Juu ya Maelezo ya Zana za Mawakala wa Akili Mnemba
Mhadhara wa Umma, Pap Onditi



Imeenea siku hizi, miongoni mwa wahandisi ambao elimu yao naiheshimu, rai ya kwamba wakala wa akili mnemba akishakuwa na welekevu wa kutosha hana haja tena ya kuelezwa zana alizokabidhiwa, kwani jina la zana na orodha ya vigezo vyake vitamtosha, na yaliyosalia atayatambua mwenyewe. Rai hii nimekuja kuipinga, tena kwa urefu, kwa sababu wanaoishika ndio wanaokabidhiwa hifadhidata zetu za afya, na madhara ya kosa lao yatawafika wagonjwa wetu wa Nyakach, huko Katito na Sondu.

Jinsi zana inavyosajiliwa kwa jina, maelezo na vigezo, kama ilivyowekwa katika itifaki ya MCP iliyotolewa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024, sina haja ya kuirudia mbele ya hadhira hii. Yatosha kukumbuka kwamba wakala aghalabu haoni msimbo uliomo ndani ya zana, na sentensi zile chache za maelezo ndizo ilimu yake yote.

Tuuchukue, kwa mfano, mfumo wa takwimu za afya uitwao DHIS2, ambao asili yake ni Chuo Kikuu cha Oslo, na ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. Kila mwezi zahanati hujumlisha wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano katika fomu ya MOH 705A, na jumla hizo huingizwa katika mfumo. Walakini mfumo huu, kwa desturi yake, hauhifadhi sifuri: karani akiingiza 0 mahali pa malaria, isipokuwa kipengele hicho kimeagizwa mahsusi kutunza sifuri, nafasi hubaki tupu, sawasawa na nafasi ya zahanati ambayo haikuleta fomu kabisa. Mpeni wakala zana yenye maelezo “hurejesha idadi ya wagonjwa wa malaria”, kisha mwulizeni ni vituo gani vya Nyakach vilivyosalimika mwezi Aprili. Atavitaja kwa fasaha vile visivyo na kitu, na miongoni mwavyo vitakuwamo vile ambavyo barabara zake zilifunikwa na mafuriko, fomu zikabaki kabatini, na watoto wakiwa na homa. Welekevu haufai kitu hapa. Tofauti ya sifuri na ukimya haimo katika jina la zana, haimo katika vigezo, wala haimo katika tarakimu zenyewe. Imo katika kumbukumbu ya ukamilifu wa ripoti, na asiyeambiwa kwamba kumbukumbu hiyo ipo hana sababu ya kuiulizia.

Tofauti hii watunza madaftari waliijua tangu zamani. Katika ujana wangu nilimsaidia mama mmoja mtunza madaftari katika zahanati ndogo upande wa ziwani. Hakuacha kisanduku kitupu daftarini: pasipokuwa na mgonjwa aliandika sifuri, na vipimo vya malaria vilipokosekana aliandika kwa kalamu nyekundu, “vipimo vimekwisha”, asije mtu Kisumu akadhani kwamba maradhi yamekwisha.

Na ushahidi niupendao kuliko wote, kwamba tarakimu pasipo maelezo hupotosha, ni kumbukumbu za kimo cha maji ya ziwa letu la Nyanza (Viktoria), zilizoanza kuandikwa mwaka 1896, na ambazo wataalamu huzisoma kwa kipimo cha Jinja. Mwaka 1964, na tena 2020, kipimo hicho kilipita mita 13. Msomaji asiyeambiwa kwamba mita hizo zahesabiwa kutoka sifuri ya kipimo, wala si kutoka sakafu ya ziwa, ataamini kwamba ziwa lina kina cha mita 13, hali pale penye kilindi panakaribia mita 80. Tarakimu ni sahihi, na hukumu yake ni batili; kilichokosekana ni sentensi moja tu.

Sikatai kwamba maelezo marefu mno hula nafasi ya wakala, na kwamba zana nyingi zinazofanana humtatiza katika kuchagua. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini tazameni urefu wa maelezo niyatakayo: “Hurejesha jumla ya mwezi ya malaria iliyothibitishwa kwa kituo kimoja. Kipindi kiandikwe kwa tarakimu sita, mathalani 202404. Kukosekana kwa thamani si sifuri. Ulizia kwanza ukamilifu wa ripoti. Zana hii haiandiki wala haifuti.” Nani atasema hayo ni mengi? Na kwa zana inayoandika, iongezwe kwamba kigezo cha dryRun hujaribu uingizaji pasipo kuhifadhi kitu.

Baada ya kupima yote, itikadi yangu ingali ile ile, kwamba maelezo hayana budi; na kwa kuwa anayeijua tofauti ya sifuri na ukimya ni karani wa kumbukumbu, maelezo haya hayawezi kuandikwa na mhandisi peke yake. Naomba basi, kabla wakala yeyote hajafunguliwa hifadhidata ya kaunti yetu ya Kisumu, maelezo ya kila zana yasomwe na makarani wa kumbukumbu wa vituo, pasipo mhandisi kuwapo chumbani akiwafafanulia. Kila swali watakalouliza litiwe jibu lake ndani ya maelezo. Na kazi hiyo ilipwe ujira wake.