Nguo Zisizomtosha Mtoto Tena: Ushonaji wa Kumbukumbu Mjini Kisumu

Makala haya yanajadili ushonaji wa kumbukumbu, yaani kazi ya kuchukua nguo ambazo mtoto amezipita kimo na kuzigeuza kuwa mfarishi, mto au mwanasesere, ili familia ibaki na kitu cha kushika kutoka katika utoto uliokwisha kupita. Hoja yake ni kwamba, mjini Kisumu na katika vijiji vya ufuo wa Ziwa Victoria, kazi hiyo haifai kuanza kwa kukata nguo nzima, kwa kuwa nguo iliyomkataa mtoto mmoja mara nyingi bado ina mtu wa kuivaa.

Sweta la chekechea hurithiwa na mdogo mtu, kisha hupelekwa kwa binamu walioko kijijini, na likishachakaa huwa tambara la kufutia meza. Mitumba, ambayo ilifurika nchini baada ya masharti ya biashara kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ambayo hadi leo humwagwa kwa marobota katika soko la Kibuye, imeshusha bei ya nguo bila kuifuta desturi hiyo. Miaka hiyohiyo ndiyo iliyoshuhudia kufungwa kwa KICOMI, kiwanda cha pamba cha Kisumu. Kwa hiyo kigauni cha zamani kilichoshonwa kwa kitambaa cha kiwanda hicho ni kumbukumbu ya mtoto na ya mji pia, nacho kinastahili kutunzwa kwa heshima zaidi ya ile kinayopewa sasa.

Fundi mwenye busara, basi, huchukua sehemu ndogo iliyobeba historia: utepe wa jina ulioshonwa ndani ya ukosi wa sare, mfuko uliotiwa kiraka, au kifungo ambacho mtoto alizoea kukitafuna. Doa lisilotoka lisikwepwe, kwani mara nyingi ndilo ambalo mama hulitambua kwanza. Sweta hufumuka likikatwa, kwa hiyo eneo linalotakiwa huzungushiwa kwanza mshono wa zigizaga, ndipo mkasi upite nje ya mshono huo. Fulana huvutika, kwa hiyo hubandikwa kwa nyuma kitambaa chepesi chenye gundi inayoyeyushwa kwa pasi, kisha hushonwa kwa sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo husukuma nyuzi kando badala ya kuzikata. Leso iliyombeba mtoto mgongoni isikatwe kamwe: upana wake unatosha kuwa bitana, yaani upande wa nyuma wa mfarishi, na hivyo pindo na jina lake, ule usemi uliochapishwa juu yake, hubaki kamili.

Unyevu wa kando ya ziwa hukuza ukungu, hivyo vipande vikaushwe juani kabla ya kushonwa, na kazi iliyokamilika isifungiwe katika mfuko wa plastiki. Mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda na familia nyingi za ufuo kulazimika kuhama, vitu vya kubebeka ndivyo vilivyookolewa. Mfarishi mmoja unaomfunika mtoto usiku una nafasi kubwa zaidi katika mzigo wa namna hiyo kuliko sanduku la nguo zisizovaliwa. Mwenye nguo aonyeshwe mahali mkasi utakapopita kabla ya kukatwa chochote, na akabidhiwe mabaki yote, vifungo vikiwemo.