Kadi ya Afya na Mpaka

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kadi. Siyo kadi ya harusi wala ya mchango wa kipaimara, bali ile ya matibabu, ambayo wengi wetu huitia katika pochi na tusiisome hadi siku ya maumivu.

Hapa Morogoro nina jirani, kijana kutoka Kenya. Amepanga vyumba viwili mtaani kwetu Kilakala, na kazi yake ni hesabu za kampuni moja ya Nairobi. Asubuhi hufungua kompyuta, jioni huifunga. Mwajiri wake hajapata kuuona hata mlango wa nyumba ile. Mwanzoni nilidhani ni mvivu asiyetoka nje. Nimekwisha mwomba radhi.

Jumapili moja ya Februari 2025 alipanda bodaboda kuelekea Morningside, ile nyumba ya kale ya Wajerumani iliyoko juu mlimani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Pikipiki ikateleza, na mfupa wake wa muundi ukavunjika. Tulipomfikisha hospitali, karani akauliza, "Una bima?" Kijana akatoa kadi yenye herufi N, H, I na F. Karani akatabasamu, kwani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa hapa kwetu nao hujulikana kwa herufi hizo hizo. Akaandika namba mara tatu. Namba ikakataa.

Ndugu zangu, karani yule hakuwa na kosa. Mfuko wa Kenya wenye herufi hizo ulianzishwa mwaka 1966. Wetu uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Majina pacha, mama mbalimbali. Tena ule wa Kenya ulikuwa umekwisha fungwa: tangu Oktoba 1, 2024 kazi yake imeshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Jirani yangu alikatwa kila mwezi bila kukosa. Alikuwa amelipa, na mahali alipolala na mguu wake hakuwa na bima.

Pale Msamvu hupita malori ya kwenda Zambia na Kongo. Lori lenye Kadi ya Njano ya COMESA huvuka mpaka na bima yake ya ajali, na Tanzania imebaki katika mpango huo ijapokuwa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Lakini dereva akishikwa na malaria au kidole tumbo huko njiani, hilo halimo katika Kadi ya Njano. Chuma kimetangulia mwili.

Majirani tulichanga, akatiwa vyuma mguuni. Mtunza fedha nilikuwa mimi, kwa hiyo alipopata nafuu nilimwambia, "Mwanangu, leta hizo karatasi za bima tuzisome pamoja." Alikuwa nazo tatu.

Ya kwanza ilikuwa bima ya safari, na bei yake ilimpendeza mno. Tukasoma: hulipa dharura tu, kwa siku 90, na mgonjwa akiweza kusafiri hurudishwa kwao akaendelee huko. Bima hiyo inamfaa mpita njia, kama ile ya dola 44 wanayotozwa wageni wa Zanzibar tangu Oktoba 2024. Mtu mwenye jiko na godoro Kilakala si mpita njia.

Ya pili ilikuwa ya kampuni ya ng'ambo, yenye picha za ndege. Inatibu dunia nzima, ila mgonjwa alipe kwanza, apeleke stakabadhi, kisha angoje kurudishiwa. Nikamwuliza, kama ungekuwa na fedha ya kulipa kwanza, mimi ningepita na kikopo nyumba kwa nyumba kwa sababu gani?

Ya tatu ilikuwa ya kampuni ya hapa nchini, inayolipa hospitali moja kwa moja. Hapo tulikaa hadi saa nne ya usiku. Orodha ilitaja hospitali mbili za mjini kwetu. Kesho yake tulikwenda kuuliza wenyewe, na moja ikasema mkataba ulikwisha. Abiria wa bodaboda hulipiwa, lakini dereva asiye na leseni halipiwi. Uzazi hungojewa miezi kumi. Hapo kijana alinyamaza, maana mkewe alikuwa njiani kutoka Kisumu kuja kuishi naye. Ikabidi mama aandikishwe siku ile ile, kabla ya kuulizana habari za watoto.

Kisha lile la maradhi ya zamani: mguu uliovunjika kabla ya kujiunga haumo, na kuvitoa vyuma hakumo. Alitaka kuliruka swali hilo katika fomu. Nilimkataza kabisa, kwani kampuni ikigundua umeficha, yaweza kuukataa mkataba mzima, na mama mzazi akiwamo.

Akaichukua hiyo ya tatu. Makato ya Kenya yanaendelea, ni sheria ya kwao. Alimwandikia mwajiri akieleza kwamba kadi ya ofisi haifiki Morogoro, na mwajiri akakubali kulipa nusu ya bima mpya. Gharama ya kutoa vyuma ni yake mwenyewe, na kikopo cha michango bado nimekiweka kabatini.