Urusi, Rwanda na Kura Mbili

 

Machi 2, 2022, siku ya saba tangu majeshi ya Urusi yaingie Ukraine, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuitaka Urusi iondoe majeshi hayo mara moja na bila masharti. Nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa, 35 zikajizuia. Rwanda ilikuwa miongoni mwa zile 141, pamoja na Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia.

Miaka mitatu baadaye, Februari 21, 2025, Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2773. Azimio hilo liliwataka waasi wa M23 watoke Goma na Bukavu, miji ya mashariki mwa Kongo, na likalitaka jeshi la Rwanda liache kuwasaidia na liondoke katika ardhi ya Kongo, nalo bila masharti. Lilipita kwa kura zote 15. Urusi ni mwanachama wa kudumu wa baraza hilo, mwenye uwezo wa kuzuia azimio lolote. Safari hii haikuzuia kitu. Ilisema ndiyo.

Yaani Rwanda ilimwambia Mrusi atoke kwa jirani yake, na Mrusi naye, akiwa bado yumo Ukraine, akaiambia Rwanda itoke kwa jirani yake. Nani basi amebaki na haki ya kumhubiria mwenzake?

Hapa Biryogo, Kigali, jambo kama hilo halipiti kimya. Tangu barabara zetu zipakwe rangi, magari yazuiwe na meza zitolewe nje, kila kikombe cha chai kinakuja na mchambuzi wake. Huyu anamsifu Putin kwa kuwagomea wazungu. Yule wa meza ya pili ana ndugu Goma na hataki kusikia habari ya kuvuka mpaka wa mtu. Nimewasikiliza sana, na nimegundua kwamba wakitaja Donbas ya Ukraine mara nyingi wanazungumzia Kivu ya Kongo. Kiev iko mbali, hakuna wa kukuuliza. Goma ni safari ya asubuhi moja.

Vita vya Ukraine vilileta vikwazo, neno ambalo wengi wetu tulilielewa kupitia mpira. Machi 10, 2022, Uingereza ilimwekea vikwazo Roman Abramovich, Mrusi aliyekuwa mmiliki wa Chelsea, na ghafla timu hiyo ikakatazwa kuuza tiketi mpya, duka la jezi likafungwa. Hadi Mei timu ilikuwa imeuzwa, na pauni bilioni 2.5 za mauzo zikafungiwa benki. Mashabiki wa Arsenal walicheka mpaka wakashika mbavu. Februari 2025 kicheko kikageuka, pale Kongo ilipoziandikia Arsenal, Bayern Munich na PSG ikizitaka ziachane na Visit Rwanda, tangazo la utalii wa Rwanda. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Novemba mwaka huohuo Arsenal ikatangaza kwamba mkataba ulioanza 2018 utaishia mwisho wa msimu. Bunge la Ulaya nalo lilitaka mashindano ya dunia ya baiskeli yaondolewe Kigali, lakini yalifanyika Septemba 2025, na tukawaona wenyewe mabingwa wakihema kwenye mlima wa Nyamirambo.

Hayo ni ya michezo. Yaliyobaki ni mazito. Februari 20, 2025, Marekani ilimwekea vikwazo Jenerali James Kabarebe wa Rwanda. Machi 17, Umoja wa Ulaya ukawawekea makamanda kadhaa wa jeshi la Rwanda pamoja na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo, na siku hiyohiyo Rwanda ikavunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji. Wakongo wanauliza: mbona Urusi ilibanwa ndani ya siku chache, baadhi ya benki zake zikatolewa kwenye mtandao wa malipo wa SWIFT, ilhali kwa Kongo dunia ilihesabu maiti kwanza? Wanyarwanda wanauliza: mbona waasi wa Kinyarwanda wa FDLR wamekaa Kongo zaidi ya miaka 20 bila mkubwa yeyote kukosa usingizi?

Maswali yote mawili ni ya haki. Tatizo ni kwamba kila meza inauliza lake na kuziba masikio kwa la mwenzake.

Tusiseme pia kwamba vita hivi viwili ni pacha. Hakuna waasi waliojificha Ukraine baada ya kuua watu zaidi ya milioni moja Urusi kwa siku 100. Rwanda ilipitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na FDLR ni kundi lililozaliwa na waliohusika na mauaji hayo. Hofu ya Kigali si ya kubuni. Lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya mwaka 2024, walikadiria wanajeshi wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 upande wa pili wa mpaka. Serikali inakana kuwaunga mkono M23 na inasema imechukua hatua za kujihami. Mimi nasema hivi: kujihami kuna umbali wake. Kutoka mpakani hadi Uvira ni mbali, na M23 walitangaza kuuteka mji huo Desemba 10, 2025, siku 6 tu baada ya Rais Kagame na Rais Tshisekedi wa Kongo kutia saini makubaliano ya amani mbele ya Trump, Washington.

Sasa tuje kwenye mipaka, maana ugomvi wa kale uko hapo. Februari 21, 2022, Putin alipohutubia akisema Ukraine ni nchi iliyoundwa na Lenin, usiku wa siku hiyohiyo balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alisimama New York na kueleza kwamba mipaka yetu nayo ilichorwa na watu wa mbali, kwamba tuna ndugu ng'ambo ya kila mpaka, na bado Afrika ilichagua kuiheshimu. Uamuzi huo ulifanywa Cairo mwaka 1964. Aprili 2023, akiwa Cotonou, Rais Kagame alisema mipaka ya kikoloni iliacha sehemu ya Rwanda nje, mashariki mwa Kongo na kusini magharibi mwa Uganda. Kinshasa walisikia madai ya ardhi. Yeye alikuwa anadai kwamba watu wa maeneo hayo wenye asili ya Rwanda ni raia wa huko na wananyimwa haki yao.

Katika hilo la pili ana hoja nzito. Mobutu aliwapa watu wenye asili ya Rwanda uraia kwa sheria ya 1972, akawanyang'anya kwa sheria ya 1981 iliyodai mtu athibitishe kwamba mababu zake walikuwapo mwaka 1885. Nani ana karatasi ya babu ya 1885? Kambi ya Kiziba, kule Karongi, imejaa Wakongo tangu 1996, na wapo waliozaliwa humo ambao sasa nao ni wazazi. Mpaka wa mkoloni tumeukubali, ndiyo, lakini anayeachwa ndani yake sharti awe raia kamili. Kinshasa inapenda nusu ya kwanza ya kauli hiyo. Kigali inapenda hiyo nusu ya pili.

Na vikwazo vinamfikia nani? Vita vya Ukraine vilichangia kutupandishia bei: Novemba 2022 mfumuko wa bei mijini ulifika asilimia 21.7, na chapati ya Biryogo ikapungua upana bila tangazo. Lakini vikwazo vilivyotuumiza zaidi ni vile tunavyowekeana sisi kwa sisi, ambavyo hatuviiti vikwazo. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa Januari 31, 2022, karibu miaka mitatu, na mchuuzi aliyekuwa akifuata mzigo Kampala akafunga duka. Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda, ikituhumu Kigali kuwasaidia waasi wa RED-Tabara, tuhuma ambayo Rwanda inaikana. Hakuna Brussels wala Washington katika hayo. Ni wanachama wa jumuiya moja, ile ya Afrika Mashariki yenye makao makuu Arusha, na bendera zao zinapepea uwanja mmoja.

Ndiyo maana siwezi kujiunga na wanaolaani vikwazo vya mzungu pekee. Vikwazo vyenye sharti linaloeleweka, vinavyomlenga anayetoa amri, naviona halali, viwe vya Moscow au vya hapa kwetu. Kufunga mpaka ni kumwadhibu mama mwenye kikapu, na yeye hakutuma askari popote. Arusha ianzie hapo: mpaka wa Rwanda na Burundi ufunguliwe kwa wafanyabiashara wadogo, hata kabla marais hawajapeana mikono.