Spika Janja, Waifai na Siri za Nyumba

Hotuba ya Afisa Uhusiano wa Polisi mbele ya wakazi wa mpakani, Busia



Niliombwa nizungumzie usalama wa vifaa vya kisasa majumbani. Wengi mlitarajia nianze na wezi. Nitaanza na nyumba yangu mwenyewe, kwa sababu ndiyo niliyoshindwa kuilinda.

Shemeji yangu anayefanya kazi Uingereza alitutumia spika janja, Amazon Echo ndogo ya mviringo inayoenea kiganjani. Hiyo ni spika unayoisemesha. Unaiita kwa jina, Alexa, kisha unaiuliza hali ya hewa, au unaiagiza ipige wimbo, au iwashe taa ikiwa taa zako nazo ni za kuunganishwa na mtandao. Shemeji aliisajili kwa akaunti yake kabla ya kuituma, akidhani anatupunguzia taabu. Tuliiunganisha na waifai ya nyumbani, tukaiweka sebuleni juu ya kabati la vyombo. Watoto walifurahi. Nami nilifurahi, siwafichi; kila Jumamosi jioni niliiuliza matokeo ya mpira.

Sasa, mwanangu mkubwa anaitwa Alex, na mama yake humwita tangu alfajiri hadi usiku: “Alex, acha!” “Alex, amka!” “Alex, andaa meza!” Yasemeni maneno hayo upesi upesi, mtasikia ninachotaka mkisikie.

Wakati huo nilikuwa bado katika upelelezi. Usiku mmoja alinijia mtu nyumbani. Sitataja mwaka wala mtaa, na mengine nimeyageuza ili asitambulike; yeye mwenyewe ameniruhusu kusimulia haya. Alikuwa ameona jambo katika mojawapo ya njia za panya, akaogopa kuja kituoni kwa sababu kituoni kuna macho mengi. Nikamketisha, nikafunga mlango, nikavuta pazia. Kisha nikamwita mwanangu: “Alex, andaa chai.” Mgeni, ambaye alikuwa amebana pumzi muda wote, hakungoja chai. Akaanza kusema.

Siku tatu baadaye shemeji akapiga simu. “Shemeji,” akaniambia, “huyo mgeni wenu wa usiku ni nani? Nimemsikia kwenye simu yangu.” Alikuwa amefungua programu ya ile spika ili afute maombi ya nyimbo za watoto, akakutana na sauti ya mtu mzima. Zilikuwa sekunde chache tu. Lakini katika sekunde hizo mlikuwa na jina la mtu.

Shemeji ni mtu mwema, aliifuta papo hapo, na habari haikutoka nje. Hata hivyo ilinibidi nimtafute yule mgeni, nimweleze ana kwa ana kwamba siri aliyoniletea ilivuka bahari kabla chai haijachemka. Katika miaka yangu ya kazi nimepeleka habari za misiba katika nyumba nyingi, lakini safari ile fupi ilinichosha kuliko zote. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza: “Afande, na wewe hukujua?” Nikajibu kwamba sikujua. Ndiyo maana leo nasimama hapa, ili asiwepo miongoni mwenu atakayetoa jibu kama hilo.

Spika hii hufanyaje kazi? Ndani yake mna vipaza sauti vinavyosikiliza muda wote, lakini kinachotafutwa ni neno moja, lile jina lake. Kazi hiyo ya kulisubiri jina hufanyika ndani ya kifaa chenyewe. Kikidhani kimeitwa, taa yake huwaka, na maneno yanayofuata husafirishwa kupitia waifai yako hadi kwenye kompyuta za kampuni, ambako huchambuliwa na jibu kurudishwa. Rekodi yaweza kuhifadhiwa katika akaunti, na mwenye akaunti anaweza kuisikiliza. Kwa hiyo si kweli kwamba spika hurekodi saa ishirini na nne, kama inavyosemwa sokoni. Kweli ni kwamba hukosea, nayo haijui kwamba imekosea.

Mwaka 2018, katika mji wa Portland nchini Marekani, mume na mke walikuwa wakiongea nyumbani kwao. Spika ikasikia neno lililofanana na jina lake, ikaamka. Katika maneno yaliyofuata ikadhani imeagizwa kutuma ujumbe, kisha ikadhani imetajiwa wa kumtumia. Mazungumzo yao yakamfikia mfanyakazi wa yule mume aliyekuwa Seattle. Amazon yenyewe ilikiri kwamba hivyo ndivyo ilivyotokea. Wale walikuwa wakizungumza Kiingereza, lugha ambayo kifaa kilifundishwa. Sisi tunaochanganya Kiswahili, Kisamia, Kiteso na Kiganda katika sentensi moja tutegemee nini?

Dawa ya papo kwa papo ipo. Echo ina kitufe cha kuzima vipaza sauti. Ukikibonyeza, taa nyekundu huwaka. Spika za Google Nest zina swichi ndogo ubavuni au nyuma, na taa zake hugeuka rangi ya chungwa. Mgeni mwenye neno zito akiingia, bonyeza kwanza, ndipo umkaribishe kiti. Jina la kuitia nalo hubadilishwa kwa Echo katika programu yake. Sisi nyumbani tulilibadilisha siku ile ile, na Alex sasa anaitwa peke yake.

Lakini jambo lililonitia hofu zaidi lilikuwa ile akaunti. Kifaa kilikuwa sebuleni kwangu, umeme nalipa mimi, waifai yangu, na bado mwenye kusikiliza alikuwa mwingine. Sisi wa mpakani tunanunua vifaa vilivyokwisha tumika. Spika, kamera, televisheni na ruta huvuka hapa kila siku, vingine kwa halali na vingine nitavizungumzia siku nyingine. Kifaa cha mtumba kinaweza kuja bado kimefungamana na akaunti ya mtu wa kwanza. Kamera uliyoifunga ili imchunge mtoto akiwa na msaidizi wa kazi inaweza kuwa inaonekana na mtu usiyemjua, asiye mdukuzi wala mjuzi wa lolote, ila tu hakuondoa akaunti yake alipouza. Kabla ya kukitumia, kirejeshe katika hali ya kiwandani, kisha kisajili kwa jina lako. Kikikataa kusajiliwa kwa sababu bado kina mwenyewe, hilo nalo ni jambo la kumuuliza muuzaji, tena mbele ya mashahidi.

Nije kwenye waifai, kwa kuwa bila hiyo spika ni kopo tu. Mawimbi yake hayaishii ukutani. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri kuliko yale ya gigahezi 5, na nyumba zetu za matofali zenye madirisha mapana huyaachia yafike hadi barabarani. (Mabati huyazuia; wenye kuta za mabati mtanielewa mnaposhindwa kupata mtandao chumba cha pili.) Anayesimama nje na nenosiri lako mkononi ameingia ndani ya uzio wako kwa namna ambayo mbwa hawezi kumbwekea.

Ruta ina manenosiri mawili, na wengi wetu tunalijua moja. La kwanza ni la kuunganisha simu na waifai. La pili ni la kuingia katika mipangilio ya ruta yenyewe, na mara nyingi hubaki lile lile la kiwandani. Msidhani ni jambo dogo. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani. Haikuvunja kitu. Ilikuwa na orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani, zaidi kidogo ya 60, ikayajaribu moja baada ya jingine. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Wenye kamera zile hawakujua kwamba vifaa vyao vilikuwa vitani.

Basi badilisheni yote mawili, tena wenyewe. Fundi akimaliza kufunga, mshukuru, mlipe, kisha ubadilishe akiwa amekwisha ondoka. Si kwamba mafundi wetu ni wabaya. Fundi anayezunguka na manenosiri ya nyumba arobaini katika daftari moja anabeba mzigo asioustahili, na daftari likipotea atalaumiwa yeye. Katika aina ya ulinzi, chagueni WPA2 au WPA3.

Wenye nyumba za wageni na vibanda vya chakula, hili ni lenu. Ruta nyingi zina nafasi ya mtandao wa wageni, uliotengwa na ule wa nyumbani. Wapeni wateja huo. Mtu akitapeli wenzake kwa kutumia waifai yako, alama ya kwanza tunayoipata sisi wapelelezi ni namba ya mtandao, nayo hutufikisha kwa aliyeandikisha huduma. Aliyeandikisha ni wewe. Kuitwa kuhojiwa si kutiwa hatiani, lakini najua kwamba hapa kwetu jirani akiona gari la polisi mlangoni hangoji maelezo.

Na sisi polisi je? Swali hili liliulizwa kwa sauti ya chini nilipokuwa nikiingia, nalo ni la haki. Je, polisi anaweza kuja kuchukua sauti zilizo ndani ya spika yako?

Mwezi Novemba 2015, huko Bentonville, jimbo la Arkansas, mtu alikutwa amekufa katika beseni la maji moto la nyumba alimokuwa mgeni. Nyumbani humo mlikuwa na Echo. Waendesha mashtaka walitaka rekodi zake, na pia waliitazama mita ya maji, ambayo ilionyesha matumizi makubwa usiku ule. Amazon ilikataa kutoa rekodi, hadi mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyekuwa mshtakiwa, aliporidhia mwezi Machi 2017. Mwezi Novemba mwaka huo mashtaka yakafutwa. Naitaja kesi hii kwa sababu yule mshtakiwa alikuwa na haki ya kukataa, na alipokubali ilikuwa kwa hiari yake.

Kwetu Uganda, Ibara ya 27 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Kwa ndugu zetu wa Kenya ni Ibara ya 31. Nchi zote mbili zilipata sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019. Kwa hiyo askari akikujia akitaka ufungue programu ya spika au kamera umwonyeshe, una haki ya kumuuliza kwa adabu jina lake, kituo chake na amri aliyonayo. Nasema hivi nikiwa nimevaa sare, na mkuu wangu ameketi pale anasikia. Ukiamua kutusaidia kwa hiari, tutashukuru sana, kwani kamera ya duka imewahi kutuokolea majuma ya kazi. Uamuzi huo ni wako, hauwi wetu kwa sababu tu tumebisha hodi.

Wapo watakaouliza kama spika bado ipo nyumbani kwangu. Ipo. Imehamia jikoni, imesajiliwa kwa jina la mke wangu, na kazi yake ni kuhesabu dakika za maharage. Wageni wenye jambo nawapokea barazani, na simu yangu huibakiza ndani.

Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi, tutaweka meza chini ya mwembe ulio nje ya kituo. Njooni na ruta zenu, spika na kamera, pamoja na waya zake za umeme, maana mara iliyopita nusu ya watu walisahau waya. Vijana wawili wanaojua kazi hii watawaonyesha namna ya kubadilisha manenosiri, na vidole vitakavyobonyeza vitakuwa vyenu. Hatutaandika nenosiri la mtu yeyote. Wa ng’ambo nanyi mnakaribishwa.

Sasa nakaribisha maswali. Tuanze na mama aliyeinua mkono kule nyuma tangu nilipotaja kamera.