Shahidi wa Ujuzi: Maadili ya Kurusha Ndege Ndogo bila Leseni

Mhadhara huu unachunguza maadili ya kurusha ndege ndogo bila leseni, na hoja yake kuu ni kwamba kosa hilo halisubiri ajali, kwa kuwa hutimia pale abiria anapopanda ndege akiamini kuwa rubani amepimwa, ilhali hakuna aliyempima.

Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulio msingi wa sheria za anga duniani, kinamtaka rubani wa safari za kimataifa awe na cheti cha umahiri na leseni vilivyotolewa au kuthibitishwa na nchi ilikosajiliwa ndege yake. Nchini Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Hata leseni ya rubani binafsi, yaani anayerusha ndege bila malipo, kwa viwango vya kimataifa hudai umri wa miaka 17, uchunguzi wa afya, mitihani na saa 40 za kuruka, au 35 kwa aliyepitia kozi iliyoidhinishwa.

Huenda ikadaiwa kwamba manahodha wa Tanga na Pangani walivusha majahazi hadi Pemba kwa vizazi vingi bila cheti chochote. Dai hilo ni la kweli, na ndilo linaloonyesha kwa nini leseni inahitajika. Nahodha alianza akiwa baharia, akakomaa mbele ya macho ya watu wa bandarini, waliojua alifunzwa na nani na alivyoikabili kusi, hivyo mji mzima ulikuwa shahidi wake. Abiria anayepanda ndege katika kiwanja kidogo cha Pangani au Saadani hana shahidi wa namna hiyo, na leseni ndiyo inayoshika nafasi yake.

Ushahidi huo una uzito kwa sababu anga huhadaa hisia. Mawingu ya masika yanapofunika Usambara, au utusitusi unapofuta mstari kati ya bahari na mbingu, kiungo cha usawa kilichomo sikioni humwambia rubani kuwa ndege imenyooka wakati inapinda na kushuka. Hali hii huitwa kupotewa na mwelekeo. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, la mwaka 1954, washiriki 20 wasiofunzwa kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndegeni walishindwa wote kuimudu ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178.

Anayesema kuwa anahatarisha roho yake peke yake huwasahau wavuvi na wakulima walio chini yake, waokoaji watakaomfuata baharini, na familia itakayonyimwa fidia, kwa kuwa bima za ndege kwa kawaida hudai rubani mwenye leseni halali.

Hata hivyo, karatasi haitoshi pasipo uaminifu. Meli ya MV Spice Islander I, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba na kuua mamia ya watu, ilikuwa imejazwa kupita kiasi ingawa bandari ina sheria na wakaguzi. Kwa hiyo wajibu ni wa pande mbili: mwenye ndege na mwenye kiwanja wasimruhusu kuruka yeyote asiyeonyesha leseni hai, na taifa, kwa kuwa mafunzo ya urubani ni ghali, liwafungulie vijana wenye kipaji njia ya halali ya kufika angani, maana katazo lisiloandamana na fursa huwaacha wengine wakishawishika kupita pembeni.